Kamera ya Mama Milembe

Bugarama, Jumatano

Dada Doto,

Shikamoo. Mwangaluka. Mimi mzima, ila ukucha wa kidole gumba umepasuka, ndiyo maana mwandiko umelala. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu kazaa au bado anawaweka roho juu? Huku mvua ilipiga siku mbili ikakata. Kama na huko Samuye imekata, pandeni mtama. Mahindi mtajichosha bure.

Ningepiga simu. Juma anayo simu na salio lipo. Lakini kwenye simu mdomo wangu unakimbia. Naulizwa kitu, nadanganya kabla sijafikiri. Kwenye karatasi naenda polepole. Hii ni mara ya tatu naanza. Juma ndiye ninayelala naye chumba kimoja na kuchimba naye, Muha wa Kigoma, maneno mengi. Ananiangalia ananiambia, "Shija, unaandika barua au unachimba? Mbona jasho?"

Dada, ni habari ya kamera ya Kabula.

Jumamosi hii mnaweka msalaba kwenye kaburi lake. Milembe alinipigia kwa simu ya Juma, wiki ya sita sasa. Akasema, "Baba, msalaba wa zege uko tayari, saruji nimenunua mwenyewe kwa hela ya kusuka. Wewe njoo na kamera ya mama tu. Siku hiyo nataka kupiga picha nayo. Mkanda nimeupata, na Mwanza kuna mzee bado anasafisha picha za mkanda." Nikamwambia ipo, nitakuja nayo.

Haipo.

Miaka kumi nawaambia ninayo, iko kwenye sanduku, nimeifunga kwa kanga yake. Haipo. Iliondoka Kabula akiwa bado hai. Nitasema iliondokaje, ila siyo hapa. Hapa bado siwezi.

Nikaona dawa ni kutafuta nyingine. Ya zamani kama ile, ya mkanda, inayopiga kweli, bei ya mtu kama mimi. Nimpe mtoto, niseme ndiyo hii. Mama yake alikufa yeye ana miaka saba. Nikasema hatajua.

Uelewe na hali ya huku. Tupo kumi na wawili kwenye duara moja, ndiyo shimo letu. Tunachimba mwezi wa nane sasa. Mshahara hakuna. Bosi anatoa chakula, kamba na pampu ya kuvuta maji, sisi tunatoa mikono. Siku tukifika kwenye jiwe lenye dhahabu, tunagawana mifuko ya mawe. Ukiondoka kabla, basi. Ukilala nje siku mbili jina linafutwa, hata uwe umechimba mwaka. Watu wanazikiwa wazazi wao na hawaendi. Siyo kwamba hawana roho. Mtu akifikiria miezi yote ile aiache chini, miguu inakataa. Kila siku tunasema wiki ijayo. Mwezi wa pili tulisema wiki ijayo.

Kwa hiyo nilikuwa na Jumapili tu. Alfajiri natoka, usiku nimerudi.

Jumapili ya kwanza nilizunguka hapa hapa Bugarama. Wauza mitumba, wauza redio mbovu, wanaonunua vyuma chakavu. Hakuna. Mmoja alinitolea darubini.

Ya pili nikaenda Kahama. Fundi simu mmoja ananiuliza, "Kamera ya nini mzee? Hii simu hapa ina kamera tatu."

"Nataka ya mkanda."

Akageuka kwa wenzake. "Jamani njooni, kuna mzee anatafuta mkanda!"

Mwingine akajibu kule nyuma, "Mpeleke dukani kwa Mangi, ipo ya ngozi, suruali haitamdondoka tena!"

Wakacheka sana. Na mimi nikacheka, ungefanyaje. Lakini kuna mama alikuwa anauza chai pale, akaniita pembeni. Akasema nyumbani ipo moja, ya marehemu mume wake. Nikamfuata. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni kuna maua ya plastiki. Akanipa niishike. Nikabonyeza. Haikulia.

"Hailii tangu mwaka aliokufa," akasema.

"Unaiuza kiasi gani?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu kibaya. "Baba, mimi nilitaka uione tu. Ulivyokuwa unachekwa pale nikaona huyu anajua thamani yake. Kamera ya mume wangu niiuze?"

Akanipa chai ya bure. Mwanamke yule kaweka kamera mbovu miaka yote, kila Jumamosi anaifuta vumbi. Mimi nilikuwa na nzima.

Jioni ileile nikapata mtu mwingine, ana duka la vitu vya zamani, pasi za mkaa, gramafoni. Kamera anazo mbili. Bei aliyotaja ningenunua mbuzi jike na mtoto wake. Nikamuuliza, "Inapiga?"

"Kupiga kwa nini? Hii ya kuweka sebuleni. Watu wa Dar wanazigombania."

Nikamwambia mimi nataka inayopiga. Akaniambia basi nenda Isaka, kuna Mzee Selemani. Zamani alikuwa anapiga picha abiria wa treni na madereva wa malori pale bandari kavu. Kama huyo hana, hakuna mwenye nayo.

Jumapili ya tatu nikawa Isaka. Mzee nimemkuta amekaa nje ya nyumba yake, mguu mmoja una bandeji. Nikamsalimia, nikasema shida yangu. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo, ndani yake kuna mfuko mwingine, ndani kuna kamera. Ya fedha juu, nyeusi pembeni. Ya Kabula ilikuwa hivyo hivyo.

"Unajua kuikagua?" akaniuliza.

"Sijui."

"Sasa utajuaje kama nakuibia?" Akafungua mgongo wake. Akaielekeza angani. "Weka jicho hapa." Akabonyeza. Nikaona tundu limefunguka likafunga, mwanga umepita. Akazungusha kigurudumu juu. "Sasa ya polepole. Sikiliza. Ikisitasita katikati, usinunue hata kwa buku." Ikalia zzzz, ikafunga. Safi. Akavuta ule mkono wa kupeleka mkanda mbele, ukaenda laini, ukarudi.

"Kwenye kioo humo ndani kuna ukungu kidogo," akasema. "Uache. Picha itatoka. Wewe futa vumbi la nje kwa kitambaa kikavu. Kikavu, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Bei sasa. Akanitazama mikono. "Wewe mchimbaji?"

"Ndiyo."

"Hela yako sitaki. Choo changu kimejaa, na huu mguu siwezi kuchimba. Nichimbie choo futi kumi na tano, uchukue kamera."

Tukapeana mkono. Halafu akaniuliza ya nini. Nikamwambia mke wangu alikuwa mpiga picha Samuye, kafariki, mtoto anataka.

Mzee akakaa vizuri. "Yule mama wa baiskeli? Mwembamba? Alikuwa ananunua mikanda kwangu! Kila mwisho wa mwezi. Alikuwa hachukui mkanda mpaka asome tarehe. Nikimwambia mama, mikanda yangu haijaoza, ananiambia mzee, arusi ya mtu hairudiwi." Akacheka peke yake. Halafu akauliza, "Kamera yake iko wapi?"

"Iliibiwa."

Ndiyo hivyo, dada. Neno lilitoka lenyewe. Mzee akasikitika, akasema Mungu amlaani mwizi huyo. Akasema basi futi kumi zinatosha, hizo tano ni za marehemu.

Nimechimba choo cha Mzee Selemani Jumapili mbili. Udongo wa Isaka ni laini kwetu sisi, jirani yake alikuwa anavuta ndoo, mimi niko chini. Nilipofika futi kumi sikutoka. Nikaendelea mpaka kumi na tano. Mzee akachungulia, "Toka bwana, nilisema kumi!" Nikamwambia mkono umezoea. Ukweli sikuweza kuzichukua zile tano.

Jumapili hii iliyopita nikarudi na kamera. Nilikuwa nimeikumbatia kwenye gari kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Usiku nikaitazama kwa taa. Ilikuwa chafu, dada. Vumbi jekundu la Isaka limeingia kwenye kila mfereji, na ule ukungu kwenye kioo kama utando. Nikawaza, hii ndiyo kamera nimesema nimeitunza miaka kumi ndani ya kanga? Mtoto ataniuliza uliitunza wapi, zizini?

Jumatatu alfajiri kabla ya kushuka, nikaiosha.

Huku sisi dhahabu tunaiosha kwa maji na sabuni ya unga. Unaweka kwenye karai, unatia sabuni kidogo ili zile chembe ndogo zisielee zikaondoka na maji, unazungusha polepole. Kila chenye thamani hapa tunakiosha hivyo. Mkono wangu unajua kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote. Nikachukua karai. Juma amesimama na mswaki mdomoni ananielekeza. "Mzungushe, mzungushe. Bado ana tope shingoni huyo. Ongeza maji."

Maneno ya mzee nilikuwa nayakumbuka. Kikavu. Nikasema mzee hajui uchafu unavyotoka, hajawahi kuosha dhahabu.

Iling'aa. Nikaiweka juu ya bati ikauke, nikashuka shimoni.

Saa sita mchana tukalipata jiwe. Aliyekuwa mbele na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba, alipiga kelele mara moja, na sisi wote tukamkimbilia. Miezi nane. Watu wakalia humo chini. Mimi nikafikiria Jumamosi, nikasema kumbe naweza kwenda nikiwa na kitu mfukoni na kamera mkononi. Nilifurahi kama nusu saa.

Tulivyopanda juu tukakuta bosi ameshaleta walinzi. Kamba imezungushwa. Mlinzi mkubwa akatuambia, "Wazee, hongereni. Sasa hatoki mtu hapa mpaka mfuko wa mwisho utoke. Siku kumi, siku ishirini, Mungu anajua. Mkojo nyuma ya bati, chakula kinaletwa." Ndiyo desturi yao, wanaogopa mawe yasiibiwe. Nikamwambia mimi nina msalaba wa mke wangu Jumamosi. Akasema, "Mzee, nenda. Kamba hii hapa, ruka. Ila ukiruka usirudi."

Nikaenda kwenye bati, nikachukua kamera. Nikavuta ule mkono. Ukafika nusu ukagoma. Nikabonyeza. Kimya. Nikaitikisa nikasikia maji ndani. Kwenye kioo kulikuwa na povu limekauka.

Juma aliichukua akaigeuza juu chini, matone yakadondoka. Baadaye akasema, "Labda ikikauka." Imekauka leo siku ya tatu. Bado hailii.

Nikasema basi niitume hivyo hivyo kwa mama anayetuletea chakula, aipeleke stendi, mtaitafutia fundi. Mlinzi akaikamata kambani. Akaifungua mgongo, akatia kidole. "Hii ina tumbo. Mawe yanaingia humu. Haitoki." Karatasi ndiyo ameruhusu. Ataikung'uta kwanza kuona kama haina vumbi la dhahabu, halafu ipite. Kwa hiyo dada utaona imekunjamana, ni yeye.

Siruki kamba. Nimesimama pale mara mbili, mara ya pili nimeishika kwa mkono. Miaka kumi nipo kwenye mashimo haya na hii ni mara ya kwanza nimeliona jiwe. Nikiruka, nimewaacha nyie miaka kumi kwa bure. Nikikaa, siku ya msalaba sipo. Nimezungusha hiyo kichwani mpaka nimechoka. Sina njia nzuri. Nimebaki na hii karatasi.

Sasa Milembe.

Najua ni wewe unayesoma. Shangazi yako hajui kusoma, barua zangu zote unamsomea wewe. Nimeandika dada, dada, kwa sababu ya uoga. Nilikuwa natafuta pa kujificha. Usiishie hapa. Shangazi yako anasikiliza, na yeye sijawahi kumwambia.

Mama yako alikuwa amelazwa wiki ya pili. Kuna watu walikuwa wanafungua duara jipya, wanatafuta mtu wa mwisho, na bosi wao alikuwa anaitaka kamera, anataka kufungua studio hapa machimboni. Akasema leta kamera uingie. Sikumuuliza mama yako. Nilikwenda nyumbani nikaichukua ukutani, na wewe ulikuwepo. Ukaniuliza unaipeleka wapi. Nikasema kwa mama. Ukafurahi, ukanipa na betri ya flashi ukasema nimesahau hii. Nadhani umesahau siku hiyo. Mimi sijasahau.

Duara lile lilikuwa kifusi kitupu. Tulichimba miezi mitano hakuna kitu.

Siku tatu kabla hajafa mama yako aliniambia, "Baba Milembe, niletee kamera. Nataka nimpige mtoto picha ya mwisho, mkono bado unaweza." Nikamwambia iko nyumbani, nitaileta kesho. Kesho yake akauliza tena. Nikasema gari ilikosekana. Siku ya tatu hakuuliza. Akasema, "Basi mlete mwenyewe nimwangalie tu."

Ukaja na shangazi. Ulikaa kitandani kwake, ukala chungwa. Ulikuwa unamwonyesha jino lililotoka. Yeye alikuwa anakuangalia, haongei, jicho moja amelifumba kidogo, kama anavyofanya akitaka kupiga. Wewe ulidhani anakuchekesha, ukafumba na wewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua anafanya nini.

Hiyo ndiyo habari ya kamera. Haikuuzwa kwa ajili ya dawa, msije mkanisaidia kusema hivyo. Haikuibiwa. Niliitoa mimi ili niingie shimoni, na sijatoka humo mpaka leo.

Jumamosi msinisubiri. Azima simu ya mtu, piga picha kwa simu. Mama yako hakuwa mtu wa kudharau, angepiga hata kwa hiyo. Ule mkanda wako uuweke pazuri, pakavu, usome tarehe yake.

Mnisalimie watu. Shemeji yangu, mume wa dada, mwambie asante kwa kusimamia fundi wa msalaba, hiyo ilikuwa kazi yangu. Mama mkwe, bibi yake Milembe, mpe shikamoo yangu, na kama akiuliza kwa nini sijaja, msimfiche, msomeeni. Katekista mwambie atakaposema majina ya wafiwa asinitaje kwanza. Amtaje mtoto. Wanawake wa jumuiya waliofyatua tofali za kaburi nawashukuru wote.

Dada, wewe najua utanuna, halafu utasema Shija ni mdogo wangu nitafanyaje. Nakuomba safari hii nuna kwanza, nuna sana, usinitetee mbele ya Milembe.

Mawe yakitoka nitakuja. Sitatuma mtu, nitakuja mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni, nitasimama uani. Milembe, siku hiyo kama itakushinda kuniita baba, niite Shija. Nitaitika.

Ni mimi,
Shija